Volti za ziada ni hasara kwa mfugaji

Umeme wa jua umewawezesha wafugaji wa kuku na wenye maduka madogo walio mbali na gridi kuendesha feni za volti 12, zikiwamo zile za rejeta zilizotolewa kwenye magari. Hata hivyo, joto linapozidi wapo wanaoongeza volti ili wapate upepo zaidi. Wengine huunga betri mbili kupata volti 24, na wengine huunga feni moja kwa moja kwenye paneli. Hiyo ni desturi inayofaa kuachwa.

Ni kweli kwamba mota ikipewa volti zaidi huzunguka kwa kasi zaidi. Tatizo ni kwamba kasi ya feni ikiongezeka mara mbili, upepo nao huongezeka mara mbili, lakini nguvu inayohitajika huwa mara nane. Chukua feni ya volti 12 inayokula ampea 5, yaani wati 60. Ikipewa volti 15, upepo utaongezeka kwa robo hivi, lakini umeme utakaoliwa utakaribia wati 120. Kwa wati hizo hizo, feni mbili za volti 12 zingeleta upepo mara mbili.

Isitoshe, sehemu ya umeme huo hugeuka joto ndani ya mota. Brashi huisha upesi, grisi ya beringi hukauka na vanishi inayokinga nyaya za shaba huungua. Kanuni inayofahamika kwa mafundi ni kwamba kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya kinga hiyo kwa nusu hivi.

Ubaya ni kwamba mota iliyolemewa huungua mchana wa jua kali, wakati inapohitajika zaidi. Kuku wa nyama waliokaribia kuuzwa huanza kutaabika joto likipita nyuzi 30. Feni ikizimika katika banda lililojaa, mtaji wa wiki nyingi unaweza kupotea kwa saa chache.

Ni vyema mfugaji akasoma kibandiko cha mota kabla ya kuunga waya. Feni ya gari huhimili volti 14 hivi, kwa kuwa ndizo inazopata injini inapowaka. Lakini paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa hadi volti 21 au 22 isipokuwa na mzigo. Kwa hiyo betri, kidhibiti chaji na fyuzi si anasa. Wauzaji wa vifaa vya sola nao wana wajibu wa kumweleza mteja jambo hili kabla ya kupokea fedha zake.

Upepo ukipungua, dawa ni kuongeza feni ya pili, kupanua madirisha ya wavu na kuweka kivuli juu ya paa. Kuilazimisha mota moja ifanye kazi ya mbili ni mbio za sakafuni, na wahenga walishasema huishia ukingoni.