Goti la Ndama na Goti la Mtoto



Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo. Kazi yangu ni kukaa dirishani na kuandika katika daftari shida ya kila mkulima ajaye: namba ya shamba lake, mnyama gani anaumwa, anaumwa nini, na tangu lini. Nilisomea ualimu kabla ya kuja hapa, kwa hiyo mtanisamehe nikisema nanyi kama mtu aliyesimama mbele ya ubao.

Asubuhi moja alikuja mkulima mbio mbio. Ndama wake alikuwa amevimba magoti ya mbele. Nikamwuliza, tangu lini? Akajibu, "Tangu jana jioni." Nilimsifu, na daktari wa mifugo alikwenda siku ile ile. Alipokuwa akitia sahihi nikamwuliza habari za nyumbani. Akasema ni njema, ila mtoto wake wa miaka tisa haendi shule kwa sababu ya goti. Tangu lini? "Leo ni siku ya sita. Mama yake anamkanda kwa maji ya chumvi."

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ndama alingoja usiku mmoja. Mtoto alingoja siku sita. Na baba huyo si mtu mbaya, anampenda mtoto wake kama tuwapendavyo wetu. Lakini habari ya goti la ndama alifundishwa, na habari ya goti la mtoto hakufundishwa na mtu. Basi leo na tufundishane.

Ninyi mnajua jinsi ndama anavyopata ugonjwa wa viungo. Vijidudu huingia kwenye kitovu kibichi, huchukuliwa na damu, kisha hukaa katika viungo. Ndiyo maana tunapaka kitovu ayodini, na kumnywesha ndama dang'a katika saa za kwanza baada ya kuzaliwa. Kwa binadamu mambo ni karibu yale yale. Vijidudu huweza kutoka kwenye jipu au kidonda mahali pengine, vikasafiri katika damu mpaka gotini. Au huingia moja kwa moja, mtu akichomwa na mwiba mrefu au akijikata kwa panga karibu na goti. Mtoto yule alikuwa na jipu pajani majuma mawili kabla, na hakuna aliyelikumbuka.

Kwa nini tufanye haraka? Ukichinja mbuzi na kufungua kiungo, utaona mwisho wa mfupa umefunikwa na kitu cheupe, laini, chenye utelezi. Hilo ni gegedu. Ndilo linalofanya goti likunjwe bila kusaga mfupa kwa mfupa. Usaha ukijaa ndani ya goti, gegedu huanza kuharibika katika siku chache tu, na likisha kuharibika halirudi kama lilivyokuwa. Tena vijidudu hivyo vikienea katika damu, mgonjwa aweza kufa.

Dalili ni hizi. Goti moja limevimba kwa ghafla. Ukiweka mkono wako juu yake, kisha juu ya goti la pili, lile bovu ni la moto zaidi. Mgonjwa hataki liguswe wala likunjwe, na hawezi kukanyaga. Mara nyingi ana homa. Lakini angalieni: mzee, au mtu mwenye ugonjwa wa sukari, aweza kukosa homa na bado goti likawa na usaha. Mtoto mchanga hawezi kusema. Utaona tu kwamba hauchezeshi mguu mmoja, na hulia ukimbadilisha nguo.

Sisemi kwamba kila goti lililovimba lina vijidudu. Kuna kuteguka, kuna jongo, kuna magoti ya uzee. Lakini hakuna ajuaye kwa kutazama tu, wala mkandaji, wala mimi karani. Daktari huchoma sindano gotini na kuvuta maji kidogo. Maji ya goti zima ni maangavu. Yakiwa na vijidudu mara nyingi huwa na ukungu au ni usaha mtupu. Hupelekwa maabara yakatazamwe kwa darubini, na vijidudu vikuzwe kwa siku kadhaa ili ijulikane ni vya aina gani na ni dawa gani inayoviua. Msiogope sindano hiyo, ndiyo ijuayo ukweli.

Matibabu ni mambo mawili pamoja. Kwanza usaha utolewe, kwa sindano au kwa kuoshwa goti katika chumba cha upasuaji. Pili dawa ya kuua vijidudu, kwanza kwa mshipa, halafu vidonge, kwa muda wa majuma kadhaa. Mtu akipata nafuu asiache dawa njiani. Baadaye huja mazoezi ya kulikunja goti lisikauke.

Sasa makatazo. Msilikande wala kulichanja goti la namna hiyo. Msinunue vidonge viwili vitatu dukani, maana huvificha vijidudu bila kuviua, na daktari akivuta maji haoni kitu. Wala msichukue dawa ya ng'ombe iliyobaki chupani mkamdunga mtu.

Jambo jingine latuhusu sisi wafugaji. Uko ugonjwa wa brusela, upatikanao kwa kunywa maziwa mabichi au kushika kondo la ng'ombe aliyetupa mimba kwa mikono mitupu. Huo nao huuma viungo, lakini polepole, pamoja na homa inayokuja na kwenda na jasho la usiku. Hutibiwa kwa dawa zaidi ya moja, kwa kawaida majuma sita. Kwa hiyo mwambieni daktari kwamba mnafuga ng'ombe. Na maziwa yachemsheni.

Najua mtasema hospitali ni mbali na fedha ni chache. Ni kweli. Lakini maziwa yetu hayalali shambani kwa sababu barabara ni mbaya. Tumekwisha kupatana juu ya gari la kuyachukua kila asubuhi. Shauri langu ni kwamba kamati za skimu na vyama vya ushirika vipatane hivyo hivyo juu ya wagonjwa: gari lipi, dereva nani, na akiba kidogo ya nauli. Mambo hayo yapangwe kabla mtu hajaugua.

Yule mtoto alipelekwa hospitali siku ile ile. Goti lilioshwa, akalala huko majuma matatu. Leo anakwenda shule, lakini goti halikunjiki lote na hawezi kuchuchumaa. Ndama wa baba yake anakimbia vizuri.

Basi, goti likivimba nyumbani kwenu, jiulizeni swali la daftari langu: tangu lini? Jibu likiwa "tangu jana", mko katika wakati. Msingoje siku ya sita.