Anayeuza tiba ya tumbo asiwe ndiye mpimaji

KATIKA visiwa vya Lamu, kama kwingineko katika pwani yetu, mwanamke aliyejifungua hufungwa mkaja tumboni, na akina nyanya huusifu kwamba ndio urudishao tumbo. Ni kweli kwamba arubaini ikiisha tumbo huwa limepungua. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba mfuko wa uzazi huchukua kama wiki sita kurudi katika ukubwa wake wa kawaida, mkaja uwepo usiwepo. Ili mkaja upewe sifa hiyo, sharti tumbo la mzazi aliyefungwa lilinganishwe na la mzazi asiyefungwa.

Kosa hilo hilo la kutoa sifa bila kupima ndilo linalowagharimu pesa nyingi wale wanaokwenda kwenye kliniki za urembo za miji mikubwa kupunguzwa mafuta bila kupasuliwa. Mteja hulipa, kisha huonyeshwa picha mbili, moja ya kabla na nyingine ya baada ya tiba. Picha si kipimo. Mtu akivuta pumzi ndani, akisimama wima na taa ikibadilishwa, tumbo hupungua papo hapo bila mashine yoyote.

Sisemi kwamba tiba hizi zote ni uongo. Ile ya kugandisha mafuta kwa baridi iliruhusiwa nchini Marekani mwaka 2010, kwanza kwa mafuta ya ubavuni. Katika baadhi ya majaribio yake, wachunguzi waligandisha ubavu mmoja na kuuacha wa pili, kisha wakapima unene wa mafuta ya pande zote mbili. Huko ndiko kupima. Waliona tabaka la mafuta likipungua kwa kiasi cha robo hivi, tena baada ya miezi miwili au mitatu, si siku ile ile. Uzito wa mtu kwenye mizani haukubadilika kwa namna ya kutajika. Aidha, kuna wachache ambao mafuta yao huongezeka badala ya kupungua. Mwanamitindo maarufu Linda Evangelista alitangaza hadharani mwaka 2021 kwamba hayo ndiyo yaliyompata.

Basi mwenye kutaka tiba hii na ajipime mwenyewe kabla ya kulipa. Chukua futi ya fundi cherehani, uizungushe kiunoni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Simama, toa pumzi kama kawaida, na futi isikaze wala isilegee. Pima asubuhi kabla ya kula, mara mbili au tatu, uandike sentimita pamoja na uzito wako. Baada ya miezi mitatu rudia vivyo hivyo, mahali pale pale. Tofauti ya sentimita moja isikufurahishe, kwani futi ikipanda au ikishuka kidogo tu huileta. Na ikiwa katika miezi hiyo umepunguza chakula na uzito wako umeshuka, usiipe mashine sifa yote.

Hata hivyo, jambo kubwa zaidi ni kujua tunapima nini. Mafuta yanayogandishwa ni yale ya chini ya ngozi, yanayoshikika kwa vidole. Mafuta yenye hatari zaidi kwa moyo na kisukari hukaa ndani, yakizunguka matumbo na ini, na mashine hizo haziyafikii. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wanawake 15 wanene waliotolewa mafuta ya chini ya ngozi kwa upasuaji, kiasi cha kilo kumi kila mmoja. Wiki kadhaa baadaye viuno vilikuwa vimepungua, lakini presha ya damu na sukari hazikuwa nafuu. Ikiwa kilo kumi hazikusaidia, vipi robo ya mkunjo mmoja wa ngozi?

Suala hili si la urembo peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Shirika la Afya Duniani linasema hatari huanza kuongezeka kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume.

Kwa maoni yangu, wanaosimamia kliniki nchini wangezilazimisha kumwandikia kila mteja vipimo vya kabla na baada, na kumkabidhi nakala. Mpaka hapo, mwenyeji wa Lamu anayefikiria safari ya Mombasa au Nairobi kwa ajili ya tumbo na aanze kwa kupima kiuno, presha na sukari katika hospitali iliyo karibu naye. Muuza kitambaa hujua kukivuta anapopima. Mnunuzi mwerevu huishika futi mwenyewe.