Deni la Manyoya Liliwahamisha Watu

Ndugu mkulima, wewe unayekaa katika skimu unajua maana ya kupewa mkopo kwanza na kulipa baada ya mavuno. Wako watu wa mbali waliojua jambo hilo kabla yetu: Waathapaska, wenyeji wa misitu ya baridi kali ya Alaska na kaskazini mwa Kanada.

Hao hawakuwa wakulima. Walifuata nyama. Watu wa kabila la Chipewyan walifuata makundi makubwa ya kulungu wa nchi ya baridi, wakawanasa pamoja, watu wengi, kwa kamba na nyua za miti.

Kisha wakaja wafanya biashara wa manyoya. Boma la Fort Chipewyan lilijengwa mwaka 1788 kando ya Ziwa Athabasca, na Fort Yukon mwaka 1847. Kabla ya theluji mwenye duka alikopesha bunduki, baruti, sufuria na blanketi; mwindaji alilipa kwa ngozi baadaye.

Wengine husema watu hao walidanganywa tu. Mimi sikubali. Mama aliyezoea kuchemsha maji kwa kutumbukiza mawe ya moto alijua faida ya sufuria kuliko sisi. Shida ilikuwa kwingine. Mnyama mwenye manyoya ya bei, mdogo mfano wa kicheche, hashibishi watu, wala haendi kwa makundi. Basi kila jamaa ilikwenda peke yake na mitego yake, na lile kundi kubwa la wawindaji likavunjika. Wachipewyan wengi waliacha nchi ya kulungu wakaingia misitu ya kusini. Mbwa wa kuvuta mizigo wakaongezeka, na mbwa hula samaki kila siku, hivyo kazi ya nyavu ikazidi. Hakuna aliyewaamuru kuhama. Deni lilitosha.

Lipa mkopo wako, ndugu, sisemi usilipe. Lakini nakuuliza: eka za mahindi na maharagwe ya nyumbani ni ngapi, na aliyezipima ni wewe au ni deni?

Maana siku za mitego zilikuwa pia siku za kuwinda, na aliyeshinda mitegoni alinunua unga dukani. Baada ya vita vya pili vya dunia bei ya manyoya ilianguka, lakini bei ya unga haikuanguka nayo. Wengi wakahamia vijiji vyenye shule na duka, na mitego ikabaki msituni.