TAARIFA YA TAWI: MGAO WA UWINDAJI TUUPANGE KWA MIAKA

Ndugu wanachama,

Kanuni za uwindaji nchini zinataka simba dume anayewindwa awe ametimiza miaka 6. Maana yake, simba atakayelipiwa kibali miaka 6 ijayo anazaliwa sasa. Kijiji kinachodai mgao mkubwa kila msimu ili kipate fedha za haraka kinakula mbegu.

Sisi wa Tawi tunataka Jumuiya yetu ya Hifadhi ya Wanyamapori iombe mgao kwa mpango wa miaka 6: wanyama wahesabiwe kwanza, shoroba zisilimwe, mapato yasomwe hadharani.

Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, twendeni. Tukinyamaza pale, tusilalamike vijiweni.

Uongozi wa Tawi