Fundi, Usirudishe Cheni Iliyochakaa
Barabara ya Nyakanazi, wilayani Biharamulo, hadi Rusumo, wilayani Ngara, ina milima mirefu. Gari likizimika huko, mgonjwa hukwama na ndizi huozea garini. Ndiyo maana nawasihi mafundi wetu wanaofufua Land Rover za zamani: msirudishe cheni ya taimingi iliyochakaa eti kwa sababu bado inazunguka. Injini yake ya dizeli ya lita 2.25, iliyoingia sokoni mwaka 1961, hubana hewa kwa uwiano wa 23 kwa 1, hivyo nafasi kati ya pistoni na vali ni finyu mno. Cheni ikilegea, vali huchelewa, na pampu ya nozeli, inayoendeshwa na kemshafti ileile inayofungua vali, nayo huchelewa: gari hukosa nguvu mlimani, hutoa moshi, na asubuhi hugoma kuwaka. Cheni ikiruka meno, vali hugonga pistoni. Basi funga cheni na tensheni mpya, linganisha alama za taimingi, kisha zungusha kranki kwa spana, polepole, mizunguko miwili kamili, maana ndiyo inayoizungusha kemshafti mara moja. Ikikwama popote, usilazimishe. Fungua uangalie upya. Nawe mwenye gari, acha kumharakisha fundi na kumbania hela ya vipuri. Kushusha injini mara ya pili kutakugharimu zaidi ya cheni mpya, na abiria wako wana haki ya kufika salama.