KUANDIKA MARA MOJA SI KUANDIKA



Kati yetu kuna wengi wanaotaka kuwa watungaji wa vitabu. Wengine wanasema wazi, wengine wanaficha kaye chini ya matandiko. Hii tamaa ni nzuri. Lakini ukiwauliza namna gani mtu anapata kuwa mtungaji, wanakujibu: «Ni zawadi. Mmoja anazaliwa nayo, mwengine hapana.» Mimi sikubali. Kuandika ni kazi, sawa ile ya fundi wa nguo. Hakuna fundi mzuri anayekata kitambaa na kukuvalisha saa ileile. Anapima, anashona kidogo, anakujaribisha, anafumua, anashona tena. Na sisi tunataka kuandika mara moja, kutia sahihi chini, na kuitwa watungaji?

Tuangalie kwanza maneno yetu. Mwanafunzi akipewa kutunga juu ya asubuhi, anaandika juu ya theluji na maua ya Ulaya ambayo hajayaona hata siku moja. Tena yeye anakaa huku Katanga, pahali ambapo mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya asubuhi inauma vidole, vumbi nyekundu inalala juu ya majani, na mvua inangojewa mpaka mwezi wa 10 ao wa 11. Haya yote ameyaona kwa macho yake, lakini hayaingii katika karatasi yake. Juu ya nini? Sababu anafikiri ya kama mambo ya kwetu hayafai kitabu. Basi anakopa maneno makubwa ndani ya vitabu vya watu, ao siku hizi ndani ya simu, na anayabandika. Ukisoma, maneno ni mazuri, lakini hakuna mtu ndani yake.

Katika mwaka wa 1965, huko Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, mtu mmoja jina lake André Yav alitunga historia ya mji ule. Jina la kitabu ni la Kifaransa, Vocabulaire de la ville d'Elisabethville, lakini ndani yake ni Kiswahili, kile chetu cha kila siku, si kile cha sarufi. Alikitunga kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu. Hakikupita kwa wachapishaji wakubwa: kilipigwa kwa mashini ya kuandika na kuzidishwa, namna ya gazeti hili letu. Baadaye, katika 1990, mwalimu wa chuo kikuu Johannes Fabian alikitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na watu wa elimu wa inchi mbalimbali wanakisoma. Wanatafuta nini ndani yake? Si mapambo. Wanatafuta mambo ambayo watumishi wale waliyajua, na namna wao wenyewe walivyoyahesabu.

Iko jambo lingine. Katika kitabu kile maneno yalikuwa yamekatwa na kuunganishwa pasipo kanuni moja, hata Fabian akaona macho peke yake hayatoshi. Ilihitajika mwenye lugha akisome kwa sauti, ndipo maana ikafunguka. Hapa tunapata mafundisho mawili: andika unachokijua, na sikia unachoandika.

Lakini kujua jambo haitoshi. Sherti kulirudilia mpaka msomaji naye alione. Tufanye mfano. Mwanafunzi anaandika juu ya soko:

«Soko letu ni nzuri sana. Kuna watu wengi na vitu vya kila namna. Kila mtu anafurahi.»

Soko hili liko wapi? Linaweza kuwa la Likasi, la Bukavu, hata la Paris. Msomaji haoni kitu. Sasa mwanafunzi huyu aende sokoni, asimame pahali pamoja muda wa saa moja, aandike paka anachoona. Anarudi na haya:

«Mama wa makala anafika asubuhi sana, yuko amechoka sana, anatua gunia lake karibu na mlango, na vumbi nyeusi imefika mpaka ndani ya nyusi zake, na anapanga makala mafungu mafungu, na mnunuzi akilalamika anaongeza kipande kimoja, ni matabishi, na huruma ni kitu kizuri sana kati ya watu.»

Sasa tuko na mtu. Lakini kazi haijaisha. Asome kwa sauti: pumzi inakwisha mbele ya sentensi kwisha. Neno «sana» limerudi mara tatu. Na yale mahubiri ya mwisho juu ya huruma, nani aliyaomba? Kipande cha makala kilikwisha kuyasema. Mara ya tatu anaandika:

«Mama wa makala anatua gunia karibu na mlango. Vumbi nyeusi imefika mpaka ndani ya nyusi zake. Anapanga makala mafungu mafungu. Mnunuzi wa kwanza analalamika. Mama anamwangalia, anaongeza kipande kimoja, kidogo kama kidole. ‹Matabishi›, anasema, na anageukia mwengine.»

Mama yule sasa anasimama mbele yako. Kati ya mara ya kwanza na ya tatu mwanafunzi hakupata zawadi mpya toka mbinguni. Alipata saa mbili za kazi.

Wanaochoka kurudilia wasome Yeremia sura ya 36. Baruku aliandika kitabu kizima kwa kinywa cha nabii. Mfalme Yoyakimu akakikata vipande kwa kisu na kukitupa ndani ya moto, mpaka kikaisha chote. Nao walifanya nini? Walichukua kitabu kingine, wakaandika tena tangu mwanzo, na maneno mengi yakaongezwa. Sisi mwalimu akitia mstari mmoja mwekundu, tunakasirika siku tatu.

Sasa neno kwa walimu, kwa heshima yote. Desturi ni hii: tunapewa kichwa cha disertasio, tunaandika, mwalimu anasahihisha, anatia pointi, anarudisha. Mwanafunzi anatazama pointi tu, kisha anakunja karatasi. Ile biki nyekundu yote inakuwa kazi bure, na mwalimu alikesha juu yake! Mimi naomba hivi: kazi zipunguzwe, hata kama ni mbili tu kwa muhula, lakini kila moja iandikwe mara mbili, na pointi zitiwe juu ya ile ya pili.

Najua watakavyojibu. Madarasa yamejaa, karatasi ni ya bei, na siku ya egzame ya Leta disertasio inaandikwa mara moja tu. Ni kweli. Lakini juu ya karatasi, kurasa nne za nini? Mistari 15 inatosha, na upande wa nyuma wa kazi ya zamani unafaa. Juu ya wingi wetu, tubadilishane karatasi wawili wawili, mmoja asome kwa sauti kazi ya mwenzake. Pahali ulimi unajikwaa, mwenye kazi anatia alama na kutengeneza mbele ya kumpa mwalimu. Na juu ya egzame, ni yule aliyezoea kurudilia ndiye atakayejua kuweka dakika za mwisho kwa kusoma tena na kukata yasiyofaa. Mwengine atazitumia kuongeza maneno.

Juu ya nini nasema kwa nguvu hivi? Sababu wenye kujua mambo wanaondoka. Mali ya Union Minière katika inchi yetu ilichukuliwa na Leta mwanzo wa mwaka wa 1967. Mtu aliyeingia kazi kule na miaka 20 leo anakaribia 80 ao amepita. Watumishi wa Elisabethville walipata mtu wa kuandika habari zao kabla hazijapotea. Babu zetu wa mgodi, wa reli, wa shamba, na bibi zetu waliolea watu katika kambi za wafanyakazi, nani atawaandikia? Mtungaji mkubwa wa mbali hatakuja. Ni sisi wajukuu, tena si kwa maneno ya theluji.

Kwa hivi, wewe unayeficha kaye, wakati wa vakansi uliza mzee mmoja wa jamaa yako habari ya siku moja ya kazi yake, siku moja tu: aliamka saa gani, alivaa nini, alikula nini, mkubwa wake alimwita kwa jina gani. Andika mistari 15. Soma kwa sauti, mbele ya yule mzee kama inawezekana, naye atakusahihisha kupita mwalimu. Kisha andika tena. Ukileta kwa gazeti hili, leta karatasi zote mbili, ya kwanza na ya mwisho, wazitie pamoja, kusudi wengine waone njia uliyopita.

Mwanafunzi wa mwaka wa 5, Pedagojia