Ng'ombe Mmoja, Vikao Ishirini

Shangazi yangu wa Masii aliuza ng'ombe wa maziwa ili mwanawe akalishwe mbele ya skrini jijini Nairobi, nyaya zimebandikwa kichwani, aendeshe gemu kwa mawimbi ya ubongo. Vikao ishirini. Mtoto ana kifafa. Wenye kliniki wakamwambia shangazi kuwa ubongo utajifunza kujitibu wenyewe, hivyo tembe hazina kazi tena. Akaachishwa. Wiki mbili baadaye alianguka karibu na jiko, na mshtuko haukukoma hadi tulipomfikisha hospitali Machakos usiku wa manane.

Nikilalamika, marafiki zangu wa mjini huniona mshamba. "Lakini majuu wanatumia!" Wanatumia, ndiyo. Miaka ya 1960 huko Los Angeles, mtafiti Barry Sterman aliwazoeza paka kuongeza aina fulani ya wimbi la ubongo kwa kuwatuza chakula, kisha akagundua kwamba paka hao walistahimili zaidi sumu ya kuleta mshtuko. Mwaka 1972 yeye na mwenzake wakaandika kuhusu mgonjwa wa kifafa aliyezoezwa vivyo hivyo, mishtuko ikapungua. Mgonjwa mmoja, jamani! Tafiti zilizofuata nyingi ni ndogo ndogo, na hakuna mwongozo wa maana unaosema mtu atupe dawa akabaki na skrini.

Sipingi kila kitu. Bayofidibaki, yaani kuonyeshwa mwili wako unafanya nini ili ujifunze kuutawala, imewasaidia watu wenye kipandauso, na kina mama wanaovuja mkojo baada ya kujifungua. Sawa. Hiyo ni kazi ya misuli na pumzi, na anayeifanya vizuri hakwambii uache tembe zako. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuua. Kliniki inayouza mashine ya ubongo na haijui hilo, inajua nini?

Na hiyo dawa yenyewe si ya matajiri. Fenobabitoni inatumika tangu 1912, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ni kati ya dawa za kifafa za bei rahisi kabisa. Sasa niambie ni mara ngapi shangazi amepanda boda hadi dispensari akaambiwa zimeisha, arudi wiki ijayo. Hapo ndipo soko la hawa watu lilipo. Hapo, na kwenye aibu: majirani wanaonong'ona kuhusu mapepo, mwalimu anayetaka mtoto abaki nyumbani. Sisi humcheka mganga anayedai mbuzi. Huyu wa mjini amekula ng'ombe mzima na hakuna aliyemcheka, maana ana koti jeupe na wifi.

Binamu yangu anameza tembe zake tena, kila jioni. Maziwa ya chai yananunuliwa kwa jirani. Wiki jana kliniki ilimtumia shangazi ujumbe: vikao kumi zaidi, bei ya ofa.